Msiba Aliousikia Redioni

Karakana ya makochi ilikuwa na redio moja, nayo ilikuwa ya Mama Zipu. Yeye ndiye aliyeshona vitambaa vya kuvalisha makochi, yeye ndiye aliyechagua stesheni, na hakuna fundi aliyethubutu kuigusa. Asubuhi ilikuwa taarifa ya habari, baadaye muziki, na saa ya chai ikikaribia kilikuja kipindi cha mwanamke aliyejiita Shangazi, ambaye watu walimpigia simu kumweleza mambo ya ndoa zao. Mafundi wanaume walisema hicho ni kipindi cha wanawake. Lakini kikianza tu, nyundo zao zilipungua sauti.

Siku hiyo fundi mmoja kijana alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi la watu watatu, akibana kitambaa kwenye fremu kwa bunduki ya pini. Walimwita Sponji. Jina hilo alilipata siku yake ya kwanza kazini, alipojilaza juu ya rundo la sponji wakati wa mapumziko akapitiwa na usingizi mpaka jioni, na tangu hapo halikumtoka. Alikuwa ameoa, hajafikisha miaka miwili, na kama kuna kitu alichojivunia kuliko kazi yake, ni namna alivyomtunza mkewe. Mkewe alifundisha watoto wa chekechea. Mtaa mzima ulimwita Ticha, na Sponji naye akamwita hivyo, kwanza kwa utani, halafu kwa mazoea.

Msumari, seremala wa fremu, alikuwa analalamika juu ya mchumba wake.

"Tangu juzi hanisemeshi. Namuuliza kuna nini, ananiambia hakuna kitu."

"Ukiambiwa hakuna kitu, basi kipo," Sponji akasema bila kuinua kichwa. "Mtafute aliyemuudhi. Mimi Ticha akiniambia fulani kanikosea, sikai. Kesho yake huyo fulani ananijua mimi ni nani."

"Kama yule mama wa chakula."

"Kama yule mama wa chakula. Alimlisha mke wangu chakula kibovu, mtu akashinda kitandani anajikunja kama mnyoo. Ulitaka nimwache? Nilimmwagia maharage yake chini, mbele ya wateja wake. Siku ile hakuuza tena."

Msumari akatikisa kichwa kwa namna ya mtu anayesifu huku anaogopa. Mama Zipu aliwaambia wanyamaze, kipindi kimeanza.

Mada ya siku hiyo ilikuwa nyepesi: ukipatwa na jambo zito, unamwambia nani kwanza? Mzee mmoja alipiga simu akasema anamwambia Mungu. Kijana mmoja akasema anaiambia mito ya kitandani, na Shangazi akamcheka. Kisha akaingia mwanamke mwenye sauti ya chini, kama anayeongea huku kauziba mdomo kwa kiganja.

"Shangazi, naomba nisitaje jina."

"Usitaje, mwanangu. Karibu."

"Tuseme hivi, Shangazi. Mume wangu ni mtu mwema. Hanipigi, hanitukani, hajawahi kulala nje."

Sponji alisimamisha mkono. Mtu mmoja tu alianza maneno yake na "tuseme hivi", kwa sababu ndivyo alivyozoea kuwafafanulia watoto wa miaka minne. Akajiambia kwamba walimu ni wengi duniani, akapiga pini nyingine.

"Lakini mwezi uliopita nilipatwa na jambo," ile sauti ikaendelea, "na mpaka leo hajui. Nilikuwa na mimba. Ilikuwa changa, sikuwa nimemwambia, nilitaka kwanza niwe na hakika. Ikatoka nikiwa kazini."

Mama Zipu alitoa mguu kwenye cherehani.

"Pole sana, mwanangu," Shangazi alisema. "Na uliporudi nyumbani, yeye hakuona kitu?"

"Aliona naumwa. Nikasema ni tumbo, nimekula chakula kibaya kwa mama mmoja anayeuza karibu na kazini. Ndilo neno lililonijia. Kumbe kesho yake kaenda kwa yule mama, kamgombeza mbele ya watu, kammwagia maharage yake chini."

Msumari aliangua kicheko. "Huyo mume au gari la zimamoto?" alisema, na alipokuwa anageuka kumtafuta mtu wa kucheka naye, macho yake yakakutana na uso wa Sponji. Kicheko kikamkatikia kooni. Mama Zipu naye alikuwa ameshamtazama. Kompresa ya bunduki ya pini ikajiwasha yenyewe kwa kishindo, kama kawaida yake hewa ikipungua, ikanguruma, ikazima.

"Na kwa nini hukumwambia ukweli?" Shangazi aliuliza.

"Nikimwambia atainuka, Shangazi. Hawezi kusikia jambo akakaa. Ataenda zahanati amshike daktari. Ataenda kazini kwangu aulize kwa nini nilibebeshwa viti. Halafu mimi ndiye nitakayewazungukia watu kuwaomba msamaha, na damu bado haijakatika."

"Sasa wewe ungetaka afanye nini?"

Redio ilikaa kimya mpaka Shangazi akasema haloo, haloo.

"Nipo. Ningetaka aniulize iliuma vipi. Halafu akae hapo hapo." Sauti ilianza kukwaruza. "Kengele hiyo, Shangazi. Watoto wanarudi darasani. Asante."

Shangazi alianza kusema kuhusu mawasiliano katika ndoa, lakini Mama Zipu alinyoosha mkono akaizima redio. Jambo hilo halijapata kuonekana katika karakana ile.

"Sauti hufanana," Sponji akasema.

Alitazama bunduki ya pini kana kwamba hajui imefikaje mkononi mwake, akaiweka chini, akaelekea mlangoni.

"Unakwenda wapi?" Mama Zipu aliuliza.

"Shuleni."

"Kufanya nini?"

Alisimama mlangoni. Miguu ilikuwa tayari kwenda, mikono ilikuwa tayari, lakini alipoangaza huku na huku akilini mwake hakumwona mtu wa kumshika shati. Mwalimu mkuu hakuwa na kosa. Daktari hakuwa na kosa. Yule mama wa chakula ndiye kabisa. Akarudi, akakaa juu ya fremu tupu ya kochi, kwenye mbao, mgongo umepinda. Alikuwa na mtoto, na mtoto amekwenda, na yeye muda huo wote alikuwa akitembea mjini akijisifu kwa kumwaga maharage.

Mchana ule alivalisha kochi kitambaa nje ndani. Msumari, ambaye siku nyingine angelifanyia kosa hilo utani mpaka mwisho wa mwaka, alichukua koleo akang'oa pini moja moja bila kusema neno. Kimya hicho kilimtisha Sponji kuliko kicheko.

Jioni hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipita upande wa shule, kwenye kibanda cha mabati ambako yule mama wa chakula alikuwa anaosha vyombo. Alikuwa mwanamke wa makamo, mikono imekomazwa na maji ya moto. Alipomwona Sponji anakuja, alilisogeza sufuria kubwa nyuma ya miguu yake.

"Shikamoo, mama."

Alikawia kuitikia. "Marahaba. Safari hii kuna nini?"

"Nimekuja kuomba msamaha. Chakula chako hakikuwa na kosa."

"Najua hakikuwa."

"Nimejua leo."

Yule mama akamchungua uso. "Kakwambia mwenyewe?"

Sponji alishindwa kusema ni redio. Akatazama chini.

"Hajakwambia," yule mama akasema. Alifuta mikono kwenye aproni taratibu, akionekana kupima kama aseme au asiseme. "Basi ukae. Si hapo, hapo pameloa. Hapa. Hapa ndipo alipokaa."

Sponji hakuelewa. "Nani?"

"Mkeo. Alikuja wakati watoto wako mapumziko, akaniomba maji ya kunywa. Nilipompa kikombe nikaona gauni lake kwa nyuma. Nikamfunga khanga yangu, nikaacha jiko linawaka, tukaenda zahanati. Nilikaa naye mpaka walipomaliza. Kila nikitaka kutoka nipige simu kwa ndugu zake ananirudisha. Ananiambia, mama, we kaa tu. Alinibana vidole hivi mpaka pete ikaniacha alama."

Sponji alikuwa amejiandaa kwa mwanamke asiye na hatia. Hakuwa amejiandaa kwa mwanamke aliyefanya kazi iliyompasa yeye, mume.

"Na kesho yake mimi nikaja," alisema.

"Kesho yake ukaja."

"Kwa nini hukunitupia hilo usoni? Mbele ya watu wale wote?"

"Nilikuwa nimemwahidi. Na hata kama nisingemwahidi, baba, ulinipa nafasi ya kuweka neno?"

Sponji akaona mguu mmoja wa benchi alilokalia unacheza, akauinamia, akautikisa. "Benchi lako limelegea. Kesho nitakuja na gundi na misumari nilikaze."

"Liache benchi," yule mama akasema, si kwa ukali. "Nenda nyumbani kwako."

Nyumbani Ticha alikuwa amekaa sakafuni kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, akikata samaki wa karatasi za rangi kwa ajili ya somo la kuhesabu. Samaki walikuwa wametapakaa chumba kizima. Sponji alivua viatu, akakaa pale pale mlangoni, kwa sababu hapakuwa na pa kukanyaga.

"Leo pale kazini redio ilikuwa kwa Shangazi," alisema.

Mkasi ulisimama katikati ya samaki. Ticha hakuinua macho.

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Ulikuwa peke yako?"

"Na Mama Zipu na Msumari."

"Walinijua?"

"Walikujua. Nilikuwa nimetoka kuwasimulia habari ya yale maharage."

Ticha aliuweka mkasi chini, akafunika uso kwa mikono yote miwili. Aliposema, sauti ilitoka katikati ya vidole. "Nilijificha stoo, na simu nikaiazima kwa mwenzangu. Nilijua wewe vipindi vya wanawake husikilizi."

"Iliuma vipi?" Sponji akauliza.

Aliuliza kwa moyo wake wote. Njia nzima alikuwa akilishika swali hilo kama mtu abebaye yai. Lakini Ticha alishusha mikono, na macho yake hayakuwa na shukrani hata chembe.

"Usinirudishie maneno yangu. Umeyaokota redioni unakuja kunisomea kama mwanafunzi aliyekariri."

"Sasa nifanye nini, Ticha?"

"Unaona? Unataka upewe kazi."

Hilo lilimchoma. Alisema kwamba yeye si mtu wa maneno, lakini hajawahi kumwacha peke yake, na kama ni ushahidi, basi auangalie ule wa shule ya kwanza aliyofundisha. Mwalimu mkuu wa shule hiyo alikuwa amemwita Ticha mjinga mbele ya wazazi, miezi michache baada ya ndoa yao. Ticha alirudi nyumbani analia. Kesho yake asubuhi Sponji alikwenda ofisini kwa yule mkuu akapiga meza mpaka kikombe cha chai kikaanguka, na kabla wiki haijaisha Ticha hakuwa na kazi. Habari hiyo Sponji aliisimulia kwenye kila mkusanyiko wa wanaume, na kila mara iliishia hapo kwenye kikombe.

"Ile kazi niliipenda," Ticha alisema.

"Lakini ulinishukuru. Jioni ile ulinikumbatia, hukuniachia."

"Nilikukumbatia kwa sababu ulikuwa unatetemeka kwa hasira. Nilikuwa nakubembeleza. Mimi ndiye niliyetukanwa, mimi ndiye niliyefukuzwa, na mimi ndiye niliyekaa nikikusugua mgongo mpaka ukalala." Hakupaza sauti. "Kila nikileta msiba wangu ndani ya nyumba hii, mfiwa unakuwa wewe."

Sponji alitaka kubisha, akakosa pa kuanzia. Ile siku aliijua vizuri kuliko siku ya harusi yake, na sasa ilikuwa imegeuzwa kama kile kitambaa cha mchana, nje ndani, na upande huo wa pili ulikuwa na nyuzi na mafundo ambayo hakuwahi kuyaona. Mkono uliomsugua mgongo aliukumbuka. Alikuwa ameudhani ni mkono wa mwanamke anayejivunia mume wake.

Ticha aliokota mkasi, akakata pezi moja, akauweka tena.

"Na huu?" Sponji akauliza.

"Upi?"

"Msiba huu. Huu nao ni wako peke yako?" Akaokota samaki mmoja wa karatasi. "Mimi nilikuwa baba, sijui kwa muda gani. Nikaacha kuwa baba. Na yote mawili nimeambiwa na redio, nimepiga magoti, watu wananitazama."

Ticha alimtazama kana kwamba mtu mgeni ameingia chumbani. Wiki zote zile alikuwa ameificha habari ile kama mtu anavyoficha kisu mtoto asijikate nacho. Alifikiria atakachofanya mumewe akijua, nani atagombezwa, nani ataombwa radhi. Hata mara moja hakuwa amefikiria kwamba kulikuwa na mtu wa pili aliyefiwa. Akapeleka mkono mdomoni.

Sponji alikuwa analia. Hakuwa analia kwa hasira, wala hakuwa anatafuta ukuta wa kupiga ngumi. Machozi yalikuwa yanashuka tu na yeye ameyaacha. Ticha alijikuta anaanza kuinuka kwenda kwake, kama alivyozoea, kisha akarudi chini.

"Leo sitakubembeleza," alisema. "Sina nguvu."

"Usinibembeleze."

Wakakaa kila mmoja upande wake, samaki wa karatasi katikati yao, kila mmoja analia kivyake. Kwa mtu aliyepita dirishani ingeonekana kama watu waliogombana. Baadaye kidogo, bila kuulizwa, Ticha alianza kusimulia. Alianza na asubuhi, alivyoamka na maumivu madogo ya kiuno akayapuuza. Akasema kuhusu vile viti vya watoto, ambavyo havikuwa vizito hata kidogo, na daktari alimwambia si viti vilivyoleta hayo. Akasema kuhusu yule mama na khanga. Akasema nesi alimuuliza mume yuko wapi, naye akajibu amesafiri, na nesi akaandika, na yeye akaona aibu kwa uongo ule kuliko kwa kitu kingine chochote siku hiyo. Mara moja tu Sponji alimkatiza, kumuuliza kama alikuwa ameanza kufikiria jina. Ticha akasema ndiyo. Sponji hakuuliza ni lipi, na Ticha hakulisema.

Mtu angedhani baada ya hapo mambo yalinyooka. Hayakunyooka. Kwa siku kadhaa Ticha alikuwa na hasira kwamba siri yake ya ndani ilikuwa imezungumzwa juu ya kochi la mteja. Sponji naye alikuwa na donge kwamba mwanamke wa kibandani alijua habari za mtoto wake kabla yake. Walisemeshana kwa heshima, kama wapangaji. Kazini Mama Zipu hakugusia jambo lile hata kwa fumbo. Kipindi cha Shangazi kilipoanza alihamisha stesheni mwenyewe, mpaka siku Sponji alipomwambia aiache. Jumamosi moja walikwenda wote wawili kula kwa yule mama. Aliwapakulia kama wateja wengine, ila kipande cha mkate alichomwongezea Ticha kilikuwa kikubwa kuliko cha mtu yeyote, na Sponji alikiona akaendelea kula.

Miezi ikapita. Jioni moja Ticha alirudi na uso uliovimba. Mzazi mmoja alimfokea getini mbele ya watoto, akamwambia kazi yake ni kufuta makamasi, si ualimu. Sponji alikuwa anakunywa maji. Kikombe kikasimama hewani.

"Anaitwa nani huyo mzazi?"

Ticha alimtazama.

"Nauliza tu," Sponji akasema.

"Jina halina kazi humu."

"Haya. Bila jina."

Akaweka kikombe chini, akakaa, akashika ukingo wa kiti kwa mikono miwili. Ticha akasema. Alisema yote, akarudia sehemu nyingine mara mbili, akamwigiza yule mzazi sauti na alivyoshika kiuno, akalia kidogo, akamtukana kidogo, na katikati ya maneno akaanza kucheka kwa sababu mtoto wa yule mzazi, wakati mama yake anafoka, alikuwa amesimama pembeni makamasi yanatiririka mpaka kidevuni. Kisha akapumua, akasema ana njaa, akainuka kwenda kuangalia chungu jikoni.

Sponji alibaki kwenye kiti. Hakuwa amekwenda popote. Hakuwa amesema neno lolote la maana, na yule mzazi huko aliko alikuwa salama salimini. Jambo lenyewe lilikuwa halijatatuliwa hata kidogo, na jikoni mkewe alikuwa anaimba wimbo wa kuhesabu samaki. Alikodoa macho ukutani, ameduwaa, mikono yake bado imeshika kiti.